Mhariri, likizo ya mtoto wa chekechea isigeuke tuisheni

Ndugu Mhariri,

Kila likizo inapokaribia, matangazo ya tuisheni hubandikwa kwenye nguzo za umeme na milango ya maduka, na siku hizi mengine yanataja hata watoto wa darasa la awali. Sisi ni walimu wa awali na darasa la kwanza hapa Dar es Salaam. Tunaomba nafasi katika safu yako tueleze jambo moja: mtoto wa miaka 4 hadi 7 anaweza kushinda nyumbani akicheza, na katika mchezo huohuo akasoma, akaandika na akahesabu, bila kukalishwa kitako na daftari tangu asubuhi. Ila mchezo huo unataka maandalizi. Kumwambia mtoto "nenda kacheze" ni jambo moja, kumwandalia mchezo ni jingine, na hili la pili ndilo wazazi wengi hawajaelezwa namna ya kulifanya.

Hatusemi mtoto aachishwe shule. Tunazungumzia likizo, Jumamosi na siku za mvua za masika ambazo njia hazipitiki. Shule zilipofungwa mwaka 2020, kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, sebule nyingi ziligeuzwa madarasa: mtoto ananakili herufi kurasa mbili, mkubwa amesimama na fimbo. Mtindo huo bado upo, na watoto wanaotufikia wakiwa wamefundishwa hivyo huichukia penseli kabla hawajaijua.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtoto wa miaka 4 au 5 hutulia kwenye kazi moja kwa dakika 10, akijitahidi sana 15. Wa darasa la kwanza hufika 20. Zaidi ya hapo macho anakukazia lakini akili imeshatoka uani. Vipindi vinne vya dakika 15 vinamtosha kwa siku nzima. Muda uliobaki ni wa kukimbia, kula, kulala na vijikazi vya nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 aushughulishe mwili walau dakika 180 kwa siku, alale saa 10 hadi 13 ukijumlisha usingizi wa mchana, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1. Anayewashiwa katuni tangu saa moja asubuhi hadi chai ya saa nne ameshavuka kiwango hicho mara tatu.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kusoma, mara baada ya uji, kichwa kikiwa bado chepesi. Hapa tunawasihi wazazi kitu kimoja kuliko vyote: mfundisheni mtoto sauti ya herufi, si jina lake la Kiingereza. Mtoto aliyezoeshwa kuita m "em" akikutana na neno mama husoma "em-a-em-a", na hapo hakuna mama. Anayejua kwamba m ni midomo iliyofumbwa na sauti inayopita puani huiunganisha na a papo hapo: mmm-a, ma. Kiswahili kimeturahisishia kazi kwa sababu irabu zetu ni tano tu na kila moja ina sauti moja popote iendapo. Anza na a, e, i, o, u kwa siku kadhaa, kisha leta m peke yake. Kwa herufi hizo sita mtoto tayari anasoma mama, mimi, uma na mimea. Ongeza k, upate kaka, kuku, kima na kumi. Ongeza t, upate moto, kiti, tikiti, mkate na mtoto. Usilete konsonanti mpya kabla ile ya jana haijakaa sawa. Mpangilio wa a, b, ch, d ufuatwe baadaye, atakapohitaji kutafuta neno kwenye kamusi.

Kadi za silabi hazinunuliwi. Kata boksi la sabuni au la biskuti vipande vya mraba vya sentimita 6, andika ma, me, mi, mo, mu kwa kalamu ya wino mzito, kisha piga mstari chini ya kila kadi. Mstari huo usiusahau. Bila mstari, n iliyopinduliwa ni u, m inakuwa kama w, na d ukiizungusha inasomeka p. Mzazi anadhani mtoto hajui, kumbe kadi ndiyo iliyokaa kichwa chini. Andika kwa herufi ndogo. Wengi huandika kwa herufi kubwa kwa sababu ni rahisi kuzichora, lakini kitabu cha darasa la kwanza karibu chote ni herufi ndogo, na mtoto aliyezoea A hushangaa kukutana na a.

Tawanya kadi kumi uani, taja silabi, mtoto akimbie kuikanyaga. Akishaweza, taja neno la silabi mbili: mguu wa kushoto ku, wa kulia mi, ndiyo kumi hiyo. Kabla ya kusoma neno refu, mpigishe makofi. Neno "mtoto" hupigwa makofi matatu, m-to-to, kwa kuwa m hiyo inasimama peke yake. Mbuzi hupigwa mawili tu, mbu-zi, kwa kuwa m imeungana na b. Mtoto hahitaji kuelezwa sababu. Sikio lake la Kiswahili linaijua tayari. Akitamka "kura" badala ya "kula", au kinyume chake kama wanavyofanya watoto wa lugha nyingi za bara, usimcheke wala kumkatisha. Rudia neno kwa sauti yako, lenye matamshi sahihi, kisha mchezo uendelee.

Gazeti lako pia, Mhariri, ni kifaa kizuri cha kufundishia. La jana likishasomwa, mtoto apewe kurasa mbili azungushie kila m anayoiona kwenye vichwa vya habari, au akate silabi azibandike apate jina lake. Gundi hupikwa nyumbani: vijiko 3 vya unga wa ngano, ukorogwe kwanza na robo kikombe ya maji baridi hadi madonge yaishe, kisha umiminiwe kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji ung'ae. Ukimwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye maji ya moto utapata madonge yasiyoshika chochote. Gundi hii hukaa siku mbili, ya tatu imeshachacha. Wino wa gazeti hubaki vidoleni, hivyo mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.

Hesabu ndiyo yenye raha zaidi, na lugha yetu ina mitego yake ambayo mzazi akiijua mapema atakuwa na subira. Mpe mtoto vizibo vya chupa umsikilize. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, halafu "visita". Hajakosea kufikiri. Ameona vi- ikifuatana na kila namba akaendelea nayo, asijue kwamba sita, saba, tisa na kumi hazipokei kiambishi ilhali nane hupokea. Msahihishe kwa kuhesabu naye upya, "sita, saba, vinane, tisa, kumi", mara tatu nne, inatosha. Mtego wa pili uko kwenye makumi. Kumi na moja hadi kumi na tisa ni rahisi mno, maana neno lenyewe linasema kuna kumi na kuna moja juu yake. Shida inaanza baada ya ishirini na tisa: watoto wengi husema "ishirini na kumi". Kihesabu yuko sahihi kabisa. Kilichokosekana ni jina, kwa kuwa thelathini, arobaini, hamsini na wenzake ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na masikioni mwa mtoto hayafanani vya kutosha na tatu, nne na tano za kila siku.

Dawa ya hapo ni vijiti vya chelewa. Chukua fagio lililochakaa, lioshe, likaushe, ukate vijiti vya sentimita 10 na kuondoa ncha kali. Mtoto ahesabu vijiti kumi, avifunge kwa mpira wa pesa, aliite fungu moja. Mafungu matatu na vijiti vinne ni thelathini na nne. Vikifika kumi pembeni vinafungwa, hakuna kubaki na vijiti kumi vilivyolegea. Mtoto aliyefunga mafungu kwa mikono yake wiki mbili hasumbuki na kujumlisha kwa kubeba huko mbele, kwa sababu ameshabeba kwelikweli. Kosa la kawaida ni mkubwa kumfungia ili mambo yaende haraka. Mwache afunge mwenyewe, hata ikichukua dakika tano.

Anayependa bao ana shule kamili mkononi. Bao letu la mashimo 32 na kete 64 ni zito kwa umri huu, basi chimbeni mchangani safu mbili za mashimo manne, kila shimo kete 3, jumla 24. Mtoto achote za shimo moja azitembeze, kete moja shimo moja. Utaona anadondosha mbili mahali pamoja, au anaruka shimo. Hapo ndipo anapojifunza kwamba kuhesabu ni kugusa kitu kimoja kwa namba moja, jambo ambalo wimbo wa moja-mbili-tatu peke yake haumfundishi. Anayeimba mpaka hamsini akashindwa kukuletea vijiko saba hajajua kuhesabu bado. Usiache kete, kunde, maharage wala sarafu mbele ya mtoto aliye chini ya miaka 3: vinaishia mdomoni, puani na masikioni. Mdogo akiwepo, tumieni vifuniko vya ndoo au maganda ya nazi.

Kuandika kuje baada ya chai, na kusianze na penseli. Vidole vya miaka 4 vinahitaji nguvu kwanza: kubanua vibanio vya nguo, kumenya karanga, kuchambua mchele, kufinyanga. Kwa kufinyanga, udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu ni bora kuliko unga. Unga ni chakula, na bei yake inajulikana. Udongo huo uponde, uchekeche kuondoa mawe, uloweke usiku kucha, kisha ukande kama unga wa chapati mpaka usigande mkononi. Vyombo vikauke kivulini siku tatu au nne. Vikianikwa juani vinapasuka, kwa kuwa nje hukauka na kusinyaa ndani kukiwa bado kubichi. Usipopata udongo, changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini na maji kidogokidogo, kama robo tatu ya kikombe. Chumvi huzuia ukungu, lakini chumvi nyingi hivyo ni hatari tumboni, basi donge hilo lisiachwe na mdogo anayeonja kila kitu.

Kisha leta sinia lenye mchanga mkavu uliochekechwa, kina chake kama nusu sentimita. Mchanga ukiwa mwingi, mstari unajifukia. Mtoto aandike kwa kidole cha shahada. Angalia anaanzia wapi: herufi zenye duara, a, o, d, zinaanzia juu na kuzunguka kwenda kushoto, kinyume na mishale ya saa. Akizoea kuzungusha upande mwingine, mwandiko wa kuunganisha utamtesa darasa la tatu. Hili ni la kusimamia kwa macho yako, maana herufi ikishakamilika huwezi kujua ilichorwaje. Akihamia penseli, mpe fupi, kama urefu wa kidole chako cha kati. Penseli ndefu inamwelemea nyuma. Gumba na shahada vishike, cha kati kibebe. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto aachwe aandike nao. Salamu na chakula tumzoeze mkono wa kulia kama ilivyo desturi yetu, lakini kwenye penseli asilazimishwe. Karatasi ya mtoto huyo iinamishwe kulia kidogo ili mkono usifute alichoandika.

Kazi moja idumu siku nzima na kila mtu aipitie akienda na kurudi: fimbo ya kivuli. Simika fimbo iliyonyooka, mita 1 juu ya ardhi, mahali jua linapofika tangu asubuhi. Kila saa, mtoto aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli na kulipa jina: saa tatu, saa nne, saa tano. Atagundua mwenyewe kwamba kivuli kinafupika, kisha kinarefuka upande wa pili. Msimwambie mapema. Wakubwa wanaosubiri kivuli kifupi kabisa saa sita kamili watashangaa, kwa sababu Dar es Salaam iko magharibi ya mstari ambao saa zetu zinaufuata, na jua hufika kilele kama saa sita na dakika 20 hivi. Mwishoni mwa Juni, kivuli hicho kifupi hapa jijini ni kama sentimita 58 na kinaanguka kusini. Rudieni likizo ya Desemba, mahali palepale: mtapata kama sentimita 30, nacho kimegeuka kaskazini. Mtoto wa miaka 7 aliyepima mara zote mbili kwa kamba ana swali kubwa la sayansi ambalo amelipata kwa macho yake. Akivuta kamba, ikazwe, na fimbo isiwe imeinama. Fimbo iliyolegea ndiyo inayoharibu vipimo vyote. Na jua lisitazamwe moja kwa moja.

Kivuli pia kinamsaidia kuelewa saa ya Kiswahili. Simu inaonyesha 9:00 nasi tunasema saa tatu. Usimchanganye kwa kumfundisha zote mbili wiki moja. Aanze na ile ya jua: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili. Akishaizoea hiyo, ndipo umwonyeshe kwamba kwenye saa ya ukutani tunasoma namba inayotazamana na mshale mfupi.

Mchana jua likiwa kali, chezeni na maji kivulini. Chupa za nusu lita na dumu la lita 5: ngapi zitalijaza? Jibu ni 10, lakini wengi hupata 9 na kitu, kwa sababu wamejaza chupa mpaka mdomoni. Weka alama kwa kalamu pale maji yalipoishia chupa ilipokuwa mpya, wajaze hadi hapo. Acha kwanza mtoto abashiri, andika ubashiri wake, kisha mpime. Maji yakamwagiliwe mchicha. Tafadhali, ndoo isiachwe na mtoto mdogo hata dakika moja. Mtoto anayetambaa huzama kwenye maji yasiyofika magoti ya mtu mzima.

Baada ya usingizi wa mchana hatuna la kuwafundisha wazazi, michezo wanaijua. Kombolela, rede, kuruka kamba, ukuti. Tunaongeza mawili tu. Mdako ni hesabu ya kutoa yenye mwendo wa mkono, usiuone wa kizamani. Na "nyama nyama nyama" ni mtihani mzuri wa msamiati: anayeita akitaja mbuzi wote wanaruka, akitaja kiatu anayeruka anatoka. Badilisheni: itaneni "matunda", au "vyenye silabi tatu". Jioni wakati wa kusubiri chakula, tegeni vitendawili. Nyumba yangu haina mlango. Kuku wangu katagia miibani. Mtoto asiharakishwe jibu, atoe la kwake, aeleze kwa nini. Akishindwa kabisa, atoe mji. Akishajua yai na nanasi, mwambie atunge chake kuhusu kitu kilichomo chumbani.

Nyumba ikiwa na watoto wa umri tofauti, mkubwa atamjibia mdogo kila swali. Mpe mkubwa kazi ya kushika kadi, na sharti la kuhesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kufungua mdomo. Na kama mzazi anashinda kazini, yote haya dada wa nyumbani au bibi anaweza kuyasimamia, akiandaliwa vifaa usiku kwenye beseni moja na kuelezwa kazi mbili tu za siku hiyo. Ukimwachia kazi sita hatafanya hata moja.

Ombi letu kwako, Mhariri: katika wiki za likizo ya Juni na Desemba, tenga ukurasa mmoja kila Jumamosi wa silabi za kukata. Herufi ndogo, zenye urefu wa sentimita 3, mstari chini ya kila silabi, konsonanti moja kwa wiki ukianza na m, kisha k, t, l. Nyuma ya ukurasa huo pawe na tangazo au picha, pasiwe na habari ambayo baba angependa kuihifadhi. Tuko tayari kupanga orodha ya maneno ya kila wiki bila malipo.

Walimu wa awali na darasa la kwanza,
Dar es Salaam